Gurudumu la Umma Si Pambo la Mkubwa

Ubadhirifu wa mali ya umma hutafutwa katika mambo makubwa: mradi uliokwama, jengo lisilokwisha, mkataba mbovu. Ni mara chache unapotafutwa mahali unapoishi kila siku, yaani chini ya gari la Serikali. Hapo, katika kuchagua matairi na ringi za kushika nafasi ya zile zilizochakaa, ndipo hujulikana nani anawatumikia wananchi na nani anajitumikia mwenyewe.

Gari kubwa linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, ambalo wananchi kwa kejeli wamelipa jina la shangingi, lina sababu moja tu ya haki ya kuwapo katika utumishi wa umma. Nchi ni pana, na sehemu kubwa ya barabara za wilaya ni za udongo na changarawe. Mitihani lazima ifike shuleni, dawa lazima zifike zahanati, na mthibiti ubora wa shule lazima awafikie walimu hata wakati wa masika. Gari hilo hununuliwa ili livuke korongo. Halinunuliwi ili limeremete mbele ya hoteli.

Lakini wapo manaizi wa kisasa ambao, tairi la kwanza likishakuwa kipara, huona wamepata nafasi ya kujipamba. Ringi za kiwandani huonekana za kishamba; hutakiwa ringi pana zinazong'aa, na matairi membamba ya ukuta kuzivisha. Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukua gari la Toyota Land Cruiser Prado lililotoka kiwandani na tairi lililoandikwa 265/65R17. Maana yake ni kwamba tairi lina upana wa milimita 265, ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, na ringi yake ni ya inchi 17. Ukuta huo basi ni milimita 172. Mpenda fahari akitaka ringi ya inchi 20, humlazimu kuchukua tairi la 265/50R20 ili kimo cha gurudumu zima kisibadilike sana. Ukuta sasa ni milimita 132. Karibu sentimita nne za mpira na upepo zimeondolewa, na mahali pake pamewekwa madini.

Ukuta wa tairi ndio godoro la gari. Ndio unaopokea jiwe na shimo kabla ya ringi, shokapu na mgongo wa abiria. Ukipunguzwa, shimo ambalo jana lilipitwa kwa mtikisiko, leo hupasua tairi na kuitia ringi ufa. Ringi ya chuma ikipinda, fundi wa Liwale au Kibondo huinyoosha kwa nyundo, na safari ikaendelea. Ringi ya aluminiamu ikipasuka, gari hukaa juu ya mawe kusubiri vipuri kutoka mjini. Aidha, ringi inayolisukuma gurudumu nje ya mahali pake huzidisha mzigo juu ya beringi, nazo huisha kabla ya wakati. Kwa hiyo pambo moja huleta hasara tatu, na zote hulipwa na mkulima na mfanyakazi.

Watetezi wa fahari hudai kwamba kiongozi anastahili heshima. Heshima gani hiyo inayobebwa na ringi? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea fahari na dharau kwa viongozi, na haukuweka msamaha kwa fahari ya magurudumu. Mwananchi humheshimu kiongozi aliyefika kijijini siku aliyoahidi.

Kuna kundi la pili, nalo ni hatari vilevile. Hawa hujiita wabana matumizi. Kwao tairi ni tairi, na lililo rahisi kuliko yote ndilo linalonunuliwa. Hawasomi maandishi ya ubavuni. Namba 112 iliyoandikwa hapo ina maana kwamba tairi hilo huweza kubeba kilo 1,120. Namba 100 huweza kubeba kilo 800 tu. Gari lililojaa watu na mizigo hukaribia kilo 3,000, na uzito huo haugawanyiki sawasawa kwa magurudumu manne. Kwenye mteremko na kona baadhi hulemewa zaidi. Anayeidhinisha tairi dhaifu kwa sababu ya bei anaweka sahihi juu ya maisha ya wenzake.

Vilevile hawaangalii umri. Tarakimu nne za mwisho katika namba ya kiwanda husema wazi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, hukauka na kupata nyufa, na joto huuharakisha. Tairi linaloitwa jipya kwa kuwa halijatumika laweza kuwa zee.

Kosa la tatu ni kuchanganya. Mawili mapya hufungwa pamoja na mawili yaliyoisha, au ya vimo tofauti, kwenye gari ambalo magurudumu yote manne huvuta kwa wakati mmoja. Vimo vikitofautiana, difu hufanya kazi isiyoumbiwa mpaka iungue. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeokoa matairi mawili leo atanunua difu kesho.

Makosa yote haya yana mzizi mmoja: uamuzi hufanywa mezani na mtu asiyeijua njia. Dereva, ambaye hulala porini gari linapokwama, haulizwi. Naye ndiye angeeleza kwamba gari linalotembea kwenye lami za Dodoma halihitaji matairi ya tope, ambayo hupiga kelele, hula mafuta na kuisha upesi kwenye lami; na kwamba gari la wilaya yenye changarawe na utelezi linataka matairi ya njia mchanganyiko yenye ukuta imara.

Jambo hili linagusa pia uchumi wa taifa. Miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha General Tyre mjini Arusha kilitengeneza matairi hapa hapa nchini, na mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, yalikusudiwa kukilisha. Uzalishaji wake ulisimama kabla ya miaka ya 2000 kwisha. Tangu hapo taifa limetegemea mno matairi ya nje, na kila tairi linalopasuka bila sababu hudai fedha za kigeni ambazo zingenunua dawa au vifaa vya maabara.

Wajibu basi uko wazi. Kila idara iheshimu vipimo vya kiwandani, na anayetaka kuvibadili aeleze kwa maandishi faida ya umma ni ipi. Kila anayepokea matairi asome uzito na tarehe kabla ya kutia sahihi. Dereva na fundi wasikilizwe kabla ya zabuni kutangazwa. Na ringi za fahari zinunuliwe kwa mshahara wa mwenye fahari, zifungwe kwenye gari lake mwenyewe.

Mwalimu wa kijijini anayesubiri mitihani hajali gari litakaloileta linang'aa kiasi gani. Anataka lifike. Mtumishi wa umma anayelisahau hilo amesahau kazi aliyoajiriwa kuifanya.