Je, Aliyesahau Kosa Lake Aadhibiwe?

Mwaka 1985 Vernon Madison alimuua askari polisi mjini Mobile, jimbo la Alabama, Marekani, akahukumiwa kifo. Baadaye, akiwa gerezani, alipatwa na kiharusi zaidi ya mara moja, akili ikadhoofika, na mawakili wake wakadai kwamba hakumbuki tena kuua. Je, anayengoja kuuawa ni yuleyule aliyeua?

Mwanafalsafa John Locke angesita kusema ndiyo. Katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, la 1694, aliongeza sura nzima juu ya swali hili kwa kuombwa na rafiki yake wa Dublin, William Molyneux. Kwa Locke, mtu habaki yuleyule kwa sababu ya mwili wala roho, bali kwa sababu ya fahamu: kule kuyatambua matendo ya jana kuwa ni yake. Fahamu ya mwana wa mfalme ikihamia katika mwili wa fundi viatu, huyo mwenye mwili wa fundi ndiye atakayejibu kwa matendo ya mwana wa mfalme.

Basi mlevi asiyekumbuka alichofanya jana usiku tunamwadhibu kwa nini? Locke alijibu kwamba hakimu hana njia ya kuthibitisha kama kweli amesahau. Siku ya Kiyama, siri za mioyo zitakapofunuliwa, hakuna atakayebebeshwa asilolijua. Jibu hilo halinitoshelezi. Molyneux naye alimpinga: ulevi wenyewe ni kosa.

Pigo kubwa lilitoka kwa mwanafalsafa Thomas Reid wa Scotland, mwaka 1785. Mtoto anachapwa kwa kuiba matunda. Akiwa ofisa kijana anateka bendera ya adui, na kile kichapo bado anakikumbuka. Uzeeni ni jenerali, bendera anaikumbuka, kichapo amekisahau kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni yule ofisa, ofisa ni yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto. Haiwezekani.

Kwa hiyo kusahau hakumgeuzi mtu kuwa mwingine. Hata hivyo Locke aliona jambo zito: adhabu humhusu mwenye fahamu, na asiyeelewa kwa nini anaadhibiwa anateswa tu. Februari 2019, katika kesi ya Madison, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kusahau kosa peke yake hakuzuii hukumu ya kifo. Kinachozuia ni kushindwa kuelewa kwa nini dola inataka kukuua. Naona kipimo hicho ni cha haki kuliko cha Locke. Kesi ilirudishwa Alabama ichunguzwe upya, na Madison akafariki gerezani mwaka 2020, hukumu ikiwa haijatekelezwa.