Nani aamue basi la shule lisivuke wadi?

Huko Tanuf, karibu na Nizwa nchini Oman, wadi hukaa kavu kwa miezi, kisha mvua iliyonyesha juu milimani huijaza ghafla, hata kama kijijini halijadondoka tone.

Hali ni hiyo hiyo kote Dakhiliya na Sharqiya. Tarehe 14 Aprili 2024, huko Samad al-Shan, gari lilisombwa na maji na wanafunzi 10 wakafariki dunia. Na si Oman pekee: siku 2 kabla, mafuriko yalilisomba basi la shule mjini Arusha, Tanzania, watoto wakapoteza maisha.

Sheria ya Oman humwadhibu dereva anayevuka kwa makusudi wadi iliyofurika. Lakini adhabu huja baada ya kosa. Dereva mwenye watoto garini, na wazazi wanaosubiri ng'ambo, ndiye asiyefaa kabisa kuachiwa uamuzi huo.

Uamuzi wapaswa kutolewa mapema, wizarani na shuleni: watoto wasiondoke mpaka maji yapungue, hata ikibidi walale huko. Wazazi watalalamika, hasa mvua iliyotabiriwa isiponyesha.

Siku moja baada ya msiba wa Samad, masomo yalisimamishwa katika mikoa kadhaa.