Sweta la Anayerudi

Ndugu wanakisomo,

Wengi wetu tuna mtoto aliye mbali. Huyu mtoto wake yuko Dar es Salaam, yule wake yuko nchi za nje. Leo nataka kusema juu yetu sisi tuliobaki nyumbani. Maoni yangu ni kwamba hatujui kungoja. Nitatoa mfano wa nyumba ya kwetu, ili mtu asidhani ninamsema yeye.

Mdogo wangu wa kike alikwenda Oman kufanya kazi za nyumbani. Mkataba wake ni wa miaka 2, nao utakwisha mwezi wa Juni. Kwetu ni Njombe, na ninyi mnaujua mwezi wa Juni wa Njombe. Ukitoa pumzi asubuhi unaona moshi. Huko Muscat, mwezi huohuo, joto hupita nyuzi 40. Mtu akitoka kwenye joto hilo akashuka stendi ya Njombe usiku, atatetemeka mpaka meno yagongane. Kwa hiyo mama alisema, "Nitamfumia sweta." Alinunua uzi mwekundu sokoni. Sindano alikuwa nazo. Marehemu baba alizitengeneza kwa spoku za baiskeli, akanoa ncha zake kwenye jiwe.

Mama hufuma jioni, baada ya chakula, karibu na moto. Watu huja kuota moto na kuzungumza. Hapo ndipo nililisikia neno moja mara nyingi. Neno hilo ni "akirudi".

Mjomba alisema akirudi atamnunulia pikipiki. Shangazi alisema akirudi atamaliza deni la mbolea. Bati la jikoni linavuja tangu masika ya mwaka jana, lakini tunasema litaezekwa akirudi. Hata kitindamimba wetu, kijana mwenye nguvu zake, aliacha kwenda chuo cha ufundi. Alisema ada italipwa dada akirudi. Jioni moja nilihesabu. Mambo 9 yalikuwa yanamngoja mtu mmoja! Na hakuna aliyeuliza kama mtu huyo anakula na kulala.

Mshahara wake ninaujua, kwa sababu mimi ndiye ninayeutoa kwenye simu. Hautoshi hata nusu ya mambo hayo.

Mwalimu mwenzangu mmoja hakubaliani nami. Anasema, "Waache watumaini. Tumaini halina gharama." Mimi nasema lina gharama, ila anayelipa yuko mbali, hatumwoni. Mtoto anayejua kwamba mambo 9 yanamngoja hawezi kusema kwamba anaumwa. Ataficha. Kila tukipiga simu, mdogo wangu alisema, "Sijambo mama, msiwe na wasiwasi." Alituambia habari nzuri tu. Alisema bibi wa nyumba ile alizaliwa Unguja na anazungumza Kiswahili kizuri kutushinda sisi. Hilo si jambo la ajabu. Waarabu wengi waliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na Sultani Qaboos alipotawala Oman mwaka 1970 aliwaita warudi huko. Sisi tulifurahi kusikia habari za bibi. Hatukuuliza zaidi.

Sasa turudi kwenye sweta. Mama ni mwanakisomo kama ninyi. Nilimwonyesha namna ya kupata idadi ya vitanzi. Fuma kwanza kipande kidogo cha vitanzi 20, kisha ukipime kwa rula. Kipande cha mama kilikuwa na upana wa sentimita 10. Basi kila sentimita 1 ina vitanzi 2. Katika daftari lake alikuwa na vipimo vya binti yake, vilivyoandikwa na fundi cherehani kabla ya safari. Kifua kilikuwa sentimita 90. Nusu yake, yaani upande wa mgongo, ni 45. Mama aliongeza 3 ili sweta lisibane, akapata 48. Mara 2 ni vitanzi 96. Alianza, akafuma mgongo mpaka karibu na kwapa.

Nikamwambia, "Mama, hivyo ni vipimo vya aliyeondoka. Muulize anayerudi."

Binti hakutaka. Aliandika kwenye simu, "Fuma tu mama." Mama aliuliza tena. Mara ya tatu ndipo majibu yalipokuja, na siku hiyo mimi sikuwapo. Zamani ujumbe wa simu alisomewa na mtoto wa jirani. Mara hii aliusoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya kioo. Kifua 80.

Niliporudi nilimkuta amekaa, daftari upande mmoja na simu upande mwingine. Sweta lilikuwa chini. Aliniambia, "Mwanangu, mtoto amekwisha." Miezi yote ile tuliisikia sauti yake na hatukujua. Tarakimu mbili ndizo zilizosema kweli.

Usiku ule mama alipiga simu. Hakutaja bati, wala mbolea, wala pikipiki. Alisema, "Kama hali ni ngumu, rudi hata kabla ya Juni. Rudi mikono mitupu. Nyumba ni yako." Mdogo wangu alilia sana. Kisha akaeleza. Analala saa 6 usiku na kuamka saa 10 alfajiri, na siku nyingine chakula chake ni mabaki tu. Tulimtumia namba ya simu ya ubalozi wetu ulioko Muscat, tukamwambia pasipoti yake aishike mwenyewe. Amesema atavumilia mpaka mkataba uishe, lakini sasa anatuambia ukweli. Juzi aliniandikia kwamba ana homa. Zamani asingeandika.

Bati tumeliezeka kwa fedha za viazi. Kitindamimba amerudi chuoni. Mama anamlipia kidogo kidogo kwa kofia na soksi za watoto anazofuma na kuuza. Mjomba amenuna, na sioni haja ya kumbembeleza.

Sweta mama alilifumua lote. Hapo tulibishana. Mimi nilipiga hesabu: nusu ya 80 ni 40, ongeza 3, mara 2, ni vitanzi 86. Mama alitikisa kichwa. Alisema, "Hesabu yako ni sawa, lakini umesahau kwamba atakula kwangu." Ameanza na vitanzi 92. Jana usiku alikuwa amefika kwenye kwapa.