Sarafu ya Shaba na Sarafu Isiyoshikika

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Aliyezifukia, yapata karne ya 11, hakurudi kuzichukua. Hata hivyo fedha ilibaki fedha na dhahabu ikabaki dhahabu. Mwenye mizani angeweza kuzipima na kuzinunua bila kumjua mtawala aliyezitoa.

Sarafu za shaba za Kilwa zilikuwa na hali nyingine. Dhahabu ya Sofala ilipita bandarini kwenda ng'ambo, lakini shaba ilizunguka zaidi Kilwa kwenyewe na Mafia, mahali ambapo watu walikubaliana kuipokea. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota 5 kati ya sarafu hizo katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilikuwa zimevuka bahari na karne nyingi, na huko hazikuweza kununua hata kibaba cha mchele.

Wanafunzi wangu huniuliza kama Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, si ndiyo dhahabu ya zama hizi. Hoja yao ni kwamba idadi yake imewekewa kikomo cha milioni 21, wala hakuna serikali iwezayo kuiongeza kwa amri. Hoja hiyo ina uzito, ila uadimu peke yake haufanyi thamani: mwandiko wangu wa ubaoni nao ni adimu, na haujapata mnunuzi. Novemba 2021 Bitcoin moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 68,000. Kabla ya mwaka 2022 kwisha ilikuwa chini ya dola 17,000. Kikomo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni imani ya wanunuzi, na kwa hiyo mimi naiweka sarafu hii pamoja na shaba ya Kilwa, si pamoja na dinari ya Mtambwe.

Tena iko tofauti moja ambayo hata shaba inaishinda. Mwenye Bitcoin huimiliki kwa namba ya siri. Namba ikipotea, hesabu yake itaendelea kuonekana katika daftari la wote, lakini hakuna jembe la mchimbuzi litakaloifukua. Kijana aliyenijia muhula uliopita akitaka kuiweka humo ada yake ya mwaka nilimwuliza kwanza ameihifadhi wapi namba hiyo. Akanionyesha simu yake, ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka.