MOTO HAUULIZI MKATABA NI WA NANI

Wandugu wafanyakazi wa Kolwezi, Luilu, Fungurume na miji yote ya shaba! Leo tunasema neno la mkate na la uhai pamoja.

Katika viwanda vyetu vingi mawe ya shaba hulowekwa katika asidi, kisha maji yake huchanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yenye dawa inayoshika shaba. Penye mafuta mengi moto hauko mbali. Kule Olympic Dam, Australia, kiwanda cha namna hiyo kiliungua mwaka 1999, kikaungua tena 2001. Ndiyo maana hufungwa bomba za kunyunyiza maji na povu, pamoja na kengele za moto.

Je, kazi hiyo hugawanywa namna gani? Mwenye mgodi humpa mjenzi mkubwa. Mjenzi mkubwa huikata vipande: bomba kwa huyu, pampu kwa yule, nyaya kwa wa tatu. Kila mkono unaopokea hubakiza faida yake. Akifikiwa Mkongomani, amebakiziwa kuchimba mtaro na kubeba bomba begani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani za Union Minière: ufundi kwa mgeni, mzigo kwa mwenyeji. Kompanyi hiyo ilinyang'anywa mali yake hapa Januari 1967. Desturi yake nani ataitaifisha?

Sheria tunayo. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi za mkandarasi mdogo ni za kompanyi zenye mtaji wa Wakongomani, zenye makao yao nchini. Inakataza pia kumgawia mwingine zaidi ya 40 kwa mia ya thamani ya kazi. Imewekwa na mamlaka ya kuisimamia, ARSP.

Watatujibu: «Wakongomani hawajui kazi ya kengele.» Lakini sheria imewapa nafasi: pasipo mwenyeji anayeweza, mgeni hufanya kazi hiyo kwa muda usiozidi miezi 6. Hiyo ni ruhusa ya kupita, siyo ya kujenga nyumba. Kama fundi hayupo, mfundisheni! Asiyemfundisha mtu hana haki ya kumwita mjinga.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wenyewe. Yuko Mkongomani anayeazimisha jina lake kwa mgeni, akatia sahihi, akapokea bahasha, wala hajapata kuiona bomba yenyewe. ARSP imelalamika hadharani juu ya majina hayo ya kuazima. Mtu wa namna hiyo ameuza nafasi ya kijana wetu, na siku ya moto atauza na roho yake.

Maana kugawa kazi ni jambo moja, kugawa lawama ni jambo lingine. Ndani ya bomba kuu kuna kifaa kidogo: maji yakitembea, hugusa waya, kengele ikalia. Fundi wa bomba hukifunga, fundi wa umeme hukiunganisha. Nani hukijaribu? Kama mkataba haukumtaja, fundi wa bomba atasema ni cha umeme, wa umeme atasema ni cha bomba, na kengele itanyamaza mafuta yakiwaka. Anayekufa si mwenye mkataba. Ni mtu wa zamu ya usiku.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Bomba na kengele ziwe na mkuu mmoja, jina lake liandikwe, naye ajibu kwa yote.

2. Kompanyi ya Kikongomani ipewe kazi yenyewe, pamoja na kujaribu na kutunza, siyo mtaro peke yake.

3. Wajumbe wa wafanyakazi wawepo siku ya kujaribu, wasikie kengele kwa masikio yao.

4. Anayeazimisha jina ashitakiwe pamoja na aliyeliazima.

Wandugu, kesho mkiingia kazini mwulizeni kapita wenu: kengele hii ilijaribiwa lini, na nani? Akikosa jibu, ulizeni juu zaidi, na msiulize mmoja mmoja. Shaba ni ya nchi yetu. Ufundi wake nao uwe wetu, na jioni kila mtu arudi kwake mzima.