Katuni ya Kijapani kwa Watu wa Bahari

Aghalabu kijana apendaye katuni za Kijapani, atakapo kumvuta mzee wake azitazame, humtangulizia iliyo mashuhuri mno, kama One Piece, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1999 na ambayo sehemu zake zimepita elfu moja, naye mzee huchoka mapema; na kuchoka huko si taksiri yake, bali ni ya aliyemchagulia.

Lau ningeulizwa mtu wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi, aanze na ipi, ningejibu bila kusita: Mirai Shonen Conan, aliyoiongoza Hayao Miyazaki mwaka 1978, yenye sehemu 26 tu, ambayo Waarabu waliitia katika lugha yao kwa jina la Adnan na Lina, ikapendwa sana huko Ghuba. Humo yumo mtoto aishiye na babu yake kisiwani, baada ya vita kuuangamiza ulimwengu. Na mtazame anavyozama na mkuki wake, pumzi ameibana, akapambana na papa hata akamshinda, kisha akamkuta ufuoni binti aliyetupwa na mawimbi. Mpiga mbizi wetu, azamiaye kamba koche miambani, ataijua mara moja thamani ya pumzi ile, na atamhukumu mtoto yule kwa ilimu ambayo mtazamaji wa bara hana.

Basi, ewe kijana, mwekee babu yako sehemu mbili za kwanza, uketi naye, umfasirie asichokifahamu, wala usimharakishe. Akiuliza binti yule amepelekwa wapi, mwekee ya tatu.