TAHARIRI: POPO WA PEMBA NA CHIKANDA YETU



Wanunuzi wa chikanda wamepita tena, na safari hii wamekuja na magunia. Kabla hatujawapeleka watoto bondeni na majembe, tutazame kwanza habari ya popo wa Pemba. Msicheke.

Popo yule ni mkubwa, anakula matunda, na duniani kote hayupo ila Pemba. Watu walimwinda kwa bunduki wakamla, na miti anayolala ikakatwa. Mwaka 1989 walionekana wachache tu. Basi wanavijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, wakaunda vikundi vya kumlinda. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, lakini katika miaka ya 2000 walikadiriwa kupita 20,000. Kidike mgeni hulipa kuwatazama. Fedha inaingia na popo bado yuko mtini!

Sasa chikanda. Ni ua la porini, jamii ya okidi. Chini lina viazi viwili: kimoja cha zamani kimenyauka, kingine kipya, kigumu, ambacho ndicho mmea wa mwaka kesho. Mnunuzi anataka kipi? Hicho kipya. Huko Zambia wanakipika na unga wa karanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba kila mwaka viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia. Kule Kitulo, penye maua mengi ya jamii hii, pakafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Wapo wanaosema, popo si amerudi, basi na ua litarudi. Hapana, ndugu. Popo akiachwa tu, anazaa. Mbegu ya chikanda ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, haioti mpaka ikutane na kuvu wake udongoni. Huwezi kuipanda kama mahindi. Tena popo akisikia bunduki anaruka, ua linangoja jembe pale pale.

Hatusemi fedha ni mbaya. Sare za shule tunazijua, na bei ya mbolea tunaijua. Lakini bei ya kopo la chikanda anaipanga nani? Si sisi.

Tunapendekeza mkutano wa wanachama ukate shauri: bonde la juu lisichimbwe, na ghala la ushirika lisipokee gunia hata moja la chikanda. Mwenye maoni mengine aje ayaseme mkutanoni, sio kilabuni.

Katibu